Mke Wangu Amenifanya Zoezi la Darasani

Mpendwa Shangazi Mshauri,

Nisaidie kabla sijasema neno ambalo sitaweza kulirudisha mdomoni, maana yamenifika hapa kooni, na haya nayaandika nikiwa nimejifungia ndani ya gari la mteja, vioo juu, ili vijana wangu wa gereji wasimwone bosi wao anavyohema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa.

Mimi ni fundi wa bodi. Gari likigongwa unaniletea, nanyoosha, napiga rangi, unaondoka na wewe mwenyewe hukumbuki liligongwa upande gani. Nina mke na watoto wawili, na huyo mke ndiye sababu ya barua hii, ingawa nataka ujue mapema kwamba si mtu mbaya, ni mchapakazi, miaka mingi alikuwa karani kwenye ofisi ya mawakili anachapa hati za watu, mpaka siku moja akaniambia, baba watoto, nimechoka kuchapa sheria za wenzangu, nataka nisome zangu, nami nikamwambia nenda, na nikawa namsubiri getini chuoni kila jioni nimrudishe nyumbani, sikununa hata siku moja, na majirani waliponicheka kwamba nasomesha mke atakayekuja kunishinda kwa maneno, nikawajibu kwamba alishanishinda zamani hata kabla hajasoma.

Balaa limeanza muhula huu. Kuna somo linaitwa Utoaji wa Adhabu, yaani mtu keshakutwa na hatia, sasa apewe nini, na mwalimu wao ni mama mmoja hakimu mstaafu, wanafunzi wanamwita Mheshimiwa, ambaye hana habari na insha ndefu, yeye kila wiki anawapa kisa kifupi, huyu kaghushi saini, huyu kampiga jirani, huyu kaiba nyaya za umeme, na kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja tu, usizidi, umpe mtu adhabu na umweleze kwa nini, umwambie wewe, kama amesimama mbele yako. Mimi nilidhani kazi ndefu ndiyo ngumu, kumbe huo ukurasa mmoja ndio unaoua watu. Mke wangu akiuandika nyumba haikaliki. Anazunguka jikoni na mwiko mkono mmoja, karatasi mkono wa pili.

"Huyu aliyeghushi saini ya mjomba wake, wewe ungempa nini?"

"Miaka mitano," nasema.

"Kwa nini mitano na si mitatu?"

"Basi mitatu."

"Mbona umeshuka haraka hivyo? Umepima nini?"

Shangazi, mimi nilikuwa nataka kula tu.

Watoto nao wakaambukizwa. Wa mwisho akivunja glasi haji kulia, anakuja na utetezi, "Mama, ni kosa langu la kwanza na nimekiri mapema," na dada yake anasimama nyuma anasema mshtakiwa ameonyesha majuto. Nilikuwa nacheka, sikatai, na kuna visa vingine nilikuwa namuuliza mke wangu mwenyewe nikiwa kazini kwa simu, vipi yule wa nyaya za umeme, umemfunga au umemwachia? Kumbe nilikuwa nalisha simba.

Sasa lazima nikueleze habari ya mdogo wangu, maana bila hiyo hutaelewa hasira yangu. Mdogo wangu tunamwita Msasa, kwa sababu hakuna mtu anayesugua bodi kama yeye, ukipitisha kiganja unadhani unapapasa yai. Nilimfundisha kazi mwenyewe, baba yetu alipofariki nilimchukua, akala kwangu, akawa mkono wangu wa kulia pale gereji. Na nilikuwa na mteja mmoja, mama mkunga, wa tangu enzi napigia rangi chini ya turubai, mama mwenye heshima zake, na kila muuguzi aliyekwaruza gari alikuwa anamwelekeza kwangu. Mkunga akaleta gari, mlango wa kushoto umekwaruzwa, kazi ndogo. Jumamosi mimi sipo, Msasa akachukua funguo akalitoa, akaenda nalo anakokujua mwenyewe, akagonga nguzo ya geti upande wa kulia, na badala ya kuniambia, akashinda Jumapili nzima ananyoosha na kupiga rangi peke yake, Jumatatu likakabidhiwa linang'aa.

Mkunga akarudi baada ya siku chache. Hakupiga kelele, angepiga kelele ningefurahi. Alisema, "Fundi, mlango huu wa kulia sikukuletea. Mbona juani rangi yake ni tofauti?" Nikamwapia, Shangazi, nikaapa kwa maisha yangu mbele ya vijana wote kwamba hakuna mkono uliogusa upande ule, nikamwita Msasa aje anithibitishie, na Msasa akasimama pale, anaangalia chini, kimya. Ndipo nikajua. Na mkunga naye akajua. Akachukua funguo zake, akasema asante, akaondoka, na mpaka leo hajarudi, wala yeye wala muuguzi yeyote.

Ndiyo nikamfukuza. Nilichukua viatu vyake vya kazi nikavirusha juu ya geti, kimoja kikaangukia barabarani kikapitiwa na lori, nikamwambia usikanyage hapa wala nyumbani kwangu. Mwaka umepita. Mama yetu amegawa Jumapili kwa zamu kama walinzi, mimi naenda kula mchana, yeye anaenda jioni, tusikutane mlangoni. Mke wangu alijaribu kulizungumza mara nyingi tu, nami kila mara nilimwambia neno moja, hilo limefungwa.

Haya. Wiki mbili zilizopita nimeenda kumchukua chuoni, mvua ikawa kubwa, mlinzi akanionea huruma akaniambia ingia ukae nyuma ya darasa, Mheshimiwa hana neno. Nikaingia na ovaroli langu, nikakaa kwenye viti vilivyovunjika. Mheshimiwa akasema, "Tunaendelea na kesi ya Kaka Mkubwa. Kumbukeni, zoezi la wiki iliyopita lilikuwa adhabu mliyoiona nje ya mahakama, nyumbani, shuleni au kazini. Nilichagua moja nikawagawia bila jina la mwandishi. Someni mlichoandika."

Akasimama kijana mmoja na tai yake, akasoma, Kaka Mkubwa, wewe ni mwenye karakana, nduguyo alikudanganya na biashara yako ikaumia, ulikuwa na haki ya kumtoa. Nami nyuma huku natikisa kichwa, nasema sahihi, huyo bwana ni mtu wa maana kabisa, mpaka mwanafunzi aliyekaa karibu yangu akageuka akatabasamu. Nilikuwa nafurahia somo, Shangazi! Kisha akasimama binti wa miwani, akasoma kwa sauti nyembamba, "Kaka Mkubwa, kumtoa kazini kulitosha. Lakini ulirusha viatu vyake juu ya geti mbele ya wenzake, kimoja kikakanyagwa na lori. Hiyo haikuwa adhabu, hiyo ilikuwa hasira. Na tena hukumwambia inaisha lini. Hata muuaji anaambiwa."

Nikamtafuta mke wangu kwa macho, nikamwona mbele kabisa, ameinamisha shingo kana kwamba amedondosha sindano. Wakaendelea kusoma, mmoja baada ya mwingine, watoto wa watu ambao hawajawahi kumlipa mfanyakazi hata mmoja, huyu ananiambia mimi ni katili, yule ananiambia nina uchungu wa baba uliohamia kwa mdogo wangu, sijui kautoa wapi huo, mpaka nikajikuta nimesimama.

"Na huyo kaka mkubwa, kuna aliyemuuliza?"

Mheshimiwa akashusha miwani. "Samahani, kaka. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye."

Wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. Mheshimiwa akasema taratibu, "Basi karibu mbele. Darasa zima limekuhukumu na hakuna aliyekusikia, na kosa hilo la kwanza ni langu. Tupe maelezo yako." Nikamwambia sikuja kushtakiwa, nimekuja kumchukua mke wangu, nikatoka kwenye mvua, nikabamiza mlango wa gari, mimi ambaye kila siku nawakataza wateja kubamiza milango.

Alivyoingia kwenye gari nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nilibadilisha majina."

"Ulibadilisha majina ukaacha viatu!"

"Bila viatu hakuna kesi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Kila nikifungua mdomo unasema limefungwa. Mheshimiwa aliponipa ule ukurasa, ndiyo mara ya kwanza kwa mwaka mzima nimemaliza sentensi kuhusu shemeji yangu."

Sasa zoezi la mwisho ni kwamba ukurasa uandikwe upya baada ya kuwasikiliza wahusika, na mke wangu anataka kunihoji mimi, kisha aende kumhoji Msasa, na mama yangu mzazi keshapata habari, akanipigia simu anacheka, "Nasikia umehukumiwa. Umekata rufaa?" Juzi mwanafunzi mmoja amekuja gereji na bampa lake, anazungukazunguka, anachungulia geti, mwisho ananiuliza kwa adabu, samahani, wewe ndiye Kaka Mkubwa? Vijana wangu wote wakasikia. Sasa ndilo jina langu.

Nimemwambia mke wangu aliache somo hilo, la sivyo atafute mtu mwingine wa kumrudisha nyumbani. Hajaliacha. Anarudi kwa miguu na wenzake, na nyumbani ananisemesha kwa heshima ya kunichoma roho, "Chakula kiko mezani, Fundi." Shangazi, mimi ndiye niliyedanganywa, mimi ndiye niliyepoteza wateja, kwa nini mimi ndiye ninayesomwa darasani? Je, ni haki mke kupeleka ya nyumbani chuoni ili apate alama? Nakusudia kwenda kwa mkuu wa chuo nimshtaki huyo mwalimu. Niambie kama nakosea.

Wako niliyechoka,
Fundi wa Bodi

*

SHANGAZI ANAJIBU

Fundi, kwanza toka ndani ya gari la watu, ufungue vioo upate hewa. Umetoka? Haya, sasa tuongee.

Nianze na lako la haki, kwa sababu unalo. Kukaa nyuma ya darasa na kusikia mambo ya nyumba yako yakisomwa na vijana usiowajua ni aibu ya kweli, na sitakuambia eti ni jambo dogo. Mkeo amekukosea. Mama watoto, najua unasoma gazeti hili, kwa hiyo nakuambia wewe moja kwa moja: kubadilisha majina ukaacha kitu ambacho mtaa mzima ulikiona kikiruka si kumficha mtu. Ulikuwa na deni la kumwambia mumeo kabla karatasi haijatoka nyumbani, hata kama angebweka. Angebweka, ungepeleka hivyo hivyo, lakini asingesikia kwa binti wa miwani. Mwombe radhi, na radhi hiyo isiwe na "lakini" mkiani.

Umeridhika, Fundi? Usistarehe sana.

Barua yako ni ndefu na nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, mahali ambapo mdogo wako anasema neno. Mkunga anasema. Mkeo anasema, na anasema vizuri. Mama yako anasema, huyo mama napenda nimjue. Hata mtoto aliyevunja glasi umempa nafasi ajitetee. Msasa peke yake, katika barua nzima, amesimama anaangalia chini, halafu viatu vinaruka. Umewafokea wanafunzi kwamba hakuna aliyemuuliza kaka mkubwa. Na wewe, mdogo wako ulimuuliza nini? Hukuandika, na wewe si mtu wa kusahau kuandika, kwa hiyo naamini hukumuuliza.

Usije ukanielewa vibaya. Kosa lake ni kubwa. Kuchukua gari la mteja ni ujinga wa ujana, lakini kukuacha uape mbele ya mama wa watu huku yeye anajua, hapo alikuuza. Ulikuwa na haki ya kumwadhibu, na yeyote darasani aliyekuambia hukuwa nayo amwendee mkunga akamweleze yeye. Shida ni kwamba hukumpa adhabu, ulimpa geti. Mtu aliyeadhibiwa anajua afanye nini ili arudi kuwa mtu. Huyu wako amekaa mwaka mzima hajui kama anasubiri au ameshazikwa. Mama yako naye, ambaye hakuchukua gari la mtu, anapika mara mbili kila Jumapili. Yeye alikosa nini?

Kisha angalia ulivyomfanyia mkeo. Amekukera, ukasema acha somo au rudi kwa miguu. Fundi, umeshaiona kazi hiyo mahali. Ni ile ile, hasira kwanza, geti baadaye, kusikiliza hakuna. Wewe ni mtu mwema, nimekuona, uliyemsubiri mke getini jioni zote hizo bila kununa, ukawajibu majirani jibu zuri kuliko yote niliyosoma mwezi huu. Lakini ukikerwa unatupa watu nje. Leo ni mdogo wako, kesho mkeo, keshokutwa huyo mtoto wa glasi atakapokuwa na miaka kumi na minane na akugongee gari lako mwenyewe.

Kwa mkuu wa chuo usiende. Ukienda utasema nini? Kwamba mwalimu amewafundisha wanafunzi kwamba mtu asihukumiwe kabla ya kusikilizwa, halafu akakuomba ujieleze, nawe ukakimbia? Yule mama alisema mbele ya wanafunzi wake kwamba kosa la kwanza ni lake. Mimi nimefanya kazi chini ya mabosi wengi na sijawahi kusikia sentensi hiyo.

Sasa fanya hivi. Kesho jioni uwe getini chuoni kama zamani, na mkeo akija umwambie tu, "Panda, nilikosea kukuacha utembee." Usihutubie. Somo ni lake, si lako kumwachisha, na ukweli ni kwamba hutaki aliache, ulikuwa unapiga simu kuulizia mwizi wa nyaya. Kuhusu ukurasa mpya, muwekeane sharti: hauondoki nyumbani mpaka akusomee. Chochote kinachomfanya mtu amtambue fundi, una haki ya kusema kitoke. Maoni yake kuhusu ulichofanya huna haki ya kuyafuta. Hayo ni yake, na kama yanauma, yaache yaume.

Na kabla mkeo hajaenda na kalamu yake kwa Msasa, utangulie wewe. Usimpeleke mama, usimpeleke mke, usipige simu. Nenda mwenyewe alipo, umuulize swali moja, kwa nini, kisha ufunge mdomo mpaka amalize, hata akikawia. Sikuahidi jibu zuri. Huenda ana sababu itakayokutoa machozi, huenda hana sababu yoyote ya maana, vijana wengi hawana. Si kazi yako kuipenda, kazi yako ni kuisikia. Baada ya hapo unaweza kuamua bado humtaki kazini, na hiyo ni haki yako, lakini umwambie waziwazi ili atafute maisha kwingine, na mle Jumapili meza moja kama watu. Ukiamua kumrudisha, mpe masharti na mwambie yanakwisha lini. Na sharti la kwanza, aende kwa mkunga kwa miguu yake, aseme mwenyewe alichokifanya. Wewe usimsindikize.

Ukishindwa yote hayo, basi usilalamike tena watu wakikusoma. Watakusoma kwa sababu hawakusikii.

*

Mpenzi msomaji, barua hii ilikuwa na haraka, kwa hiyo nilimtumia Fundi jibu lake kabla ya kuichapa. Majuzi ameniandikia tena, na ametoa ruhusa, mkewe pia, kwamba nanyi msome:

Shangazi, nilikasirika nilipolisoma jibu lako, nikalikunja nikalitia mfukoni, na jioni nikaenda chuoni kumchukua mke wangu. Nilisema yale maneno uliyonipa. Akapanda, nikampa jibu lako alisome, na tulipofika taa za njia panda akaniomba radhi, na kweli haikuwa na "lakini," ingawa nilimwona anaimeza.

Msasa nilimkuta kwenye karakana ya samani, anapaka vitanda vanishi. Aliponiona akaweka brashi chini akasimama wima kama askari. Nilimuuliza kwa nini alichukua lile gari. Nilikuwa nimejiandaa, Shangazi, nilijua ataniambia kulikuwa na mgonjwa, au rafiki kafiwa, na njiani nzima nilikuwa nafikiri akisema hivyo nitaonekana mtu wa namna gani. Akasema, "Nilitaka tu nionekane naendesha."

"Basi?"

"Kulikuwa na msichana."

"Na yeye alisemaje?"

"Alisema gari linanuka dawa ya hospitali."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga, sikufanya lolote. Nikamuuliza mbona alinyamaza siku ile mbele ya mkunga. Akasema, "Ulikuwa umeshaapa, kaka. Nikisema kweli nakufanya mwongo. Nikasema bora ninyamaze." Nikamwambia kunyamaza kwake ndiko kulikonifanya mwongo, na hapo hasira yote ikarudi, nikamfokea pale pale katikati ya vitanda, akalia, mwenye karakana akatoka kuangalia. Haikuwa nzuri, kama ulivyonionya. Lakini nilikuwa nimeuliza, naye alikuwa amejibu.

Alienda kwa mkunga peke yake. Mama yule alimsikiliza mlangoni, akasema sawa nimesikia, akafunga. Gari lake hajalileta, na sijui kama atalileta. Msasa amerudi kazini, funguo za wateja hazigusi mpaka mwaka uishe, nimemwambia tarehe. Mama anapika mara moja, analalamika kwamba sasa sufuria ni dogo.

Mke wangu alinisomea ukurasa wake mezani. Niliomba sentensi tatu zitoke, akatoa moja, tukabishana, watoto wakawa wazee wa baraza. Amepata alama za chini kuliko mara ya kwanza. Mheshimiwa ameandika pembeni kwamba safari hii amewaonea huruma wote wawili, na huruma si sababu mpaka uieleze. Mke wangu hajalala vizuri tangu hapo, anazunguka jikoni anasema atampelekea majibu, nami nimekaa zangu, si vita yangu.

Jana kulikuwa na bodi iliyopigwa rangi ya kwanza. Mimi nasema iachwe ikauke mpaka kesho, Msasa anasema jua hili linatosha. Alinibishia mbele ya vijana wote, kwa sauti, msasa mkononi, hanipi nafasi ya kusema. Mwisho nikamwachia. Imetoka vizuri, ila sijamwambia.